Mwenye Kifua

Mkono wa Biasha ulikuwa ndani ya kifua cha nyati hadi kwenye kiwiko pale vidole vyake vilipogusa kitu kisichopaswa kuwamo. Mapafu ya mnyama mzima huteleza. Ukishakata kooni na kuvuta, hukujia yote mawili kwa pamoja, laini na mepesi, hata ukashangaa kwamba mnyama mzito namna ile alikuwa akipumulia kitu chepesi hivyo. Haya hayakuja. Yalikuwa yameshikamana na mbavu, na kila alipopenyeza vidole ili ayabandue alikutana na punje ngumu za mviringo, nyingine kama choroko, nyingine kama kunde, zimejipanga mbavuni kama ushanga.

Alitulia, mkono ukiwa bado humo. Alikuwa amepasua wanyama wa wawindaji kwa miaka kumi na tisa, tangu alipoletwa Nyamwage kuolewa kutoka visiwa vya Mbwera, na hakuwa mtu wa kushtushwa na matumbo. Kilichomtisha ni kwamba mkono wake ulizitambua zile punje kabla macho yake hayajaziona.

"Shemeji, umenasa humo?" aliuliza Abdulkarimu, fundi wa mawindo, akinoa kisu chake juu ya jiwe. "Au nyati kakushika mkono, hataki kukuachia?"

Watu wakacheka. Walikuwa wengi pale ukingoni mwa bwawa asubuhi ile, wanaume kwa wanawake, na makanda yao ya kubebea nyama. Mwaka ule shamba la pamba la serikali ya Wadachi lilikuwa limekula siku za watu zote, mashamba yao wenyewe yakabaki majani, na nyama ya nyati mmoja ilikuwa ni sababu tosha ya kijiji kizima kucheka kwa mzaha mdogo. Biasha naye alijilazimisha kucheka. Akilini alikuwa akitafuta namna ya kuzirudisha zile punje ndani, azifunike kwa bandama, akazitupe bwawani watu wakishaondoka.

Kuficha alikujua. Nyamwage yote ilimwita mwenye kifua, na hiyo ilikuwa sifa: mtu mwenye kifua ni yule unayempa neno likalala humo lisitoke hata kwa kupekechwa. Wanawake walimwekea siri zao kama watu wanavyowekeana vitu vya amana, wakaenda zao wametua mzigo. Hawakujua kwamba siri nzito kuliko zote alizokuwa nazo ilikuwa ni neno lilo hilo. Bashiru, mumewe, hakufa kwa homa ya mto kama alivyowaambia watu miaka mitatu iliyopita. Alikuwa na kifua. Kifua kile kikuu, cha kukohoa usaha na damu, ambacho kikishatajwa katika nyumba, nyumba hiyo haiolewi wala haioi, na mgeni akija huja na kata yake ya kunywea maji.

Na Bashiru alikuwa na punje. Zilimwota shingoni chini ya ngozi, kutoka nyuma ya sikio hadi kwenye mtulinga, na Biasha alizipaka mafuta kila jioni kwa vidole hivi hivi, akizihesabu bila kutaka. Zilipopasuka zilitoa ute mweupe mzito. Bashiru akajifunga kitambaa chekundu shingoni, na vijana wa Nyamwage, wakidhani ni urembo, nao wakaanza kujifunga. Siku ile alipofariki, Biasha aliomba amwoshe mwenyewe, peke yake, mlango umefungwa. Sheria inamruhusu mke. Watu walilisema jambo lile kwa muda mrefu, kwamba hawajaona mapenzi kama yale.

Alivuta tena, safari hii kwa nguvu, na pafu moja likachanika na kuja na utando wa mbavu. Punje zikamwagika juu ya majani, kijivu, zikang'aa juani. Kabla hajazifunika kwa kiganja, Abdulkarimu alikuwa ameshainama.

Aliokota moja. Akaikwaruza kwa ukucha, akaipima uzito kiganjani. Abdulkarimu alikuwa mzee wa maneno mengi, lakini sasa sauti ilimtoka ndogo.

"Risasi," alisema.

Aliiweka juu ya jiwe na kuipasua kwa kisu. Ute mweupe ukachuruzika jiweni. Watu waliokuwa karibu wakarudi nyuma hatua moja, kisha wakasogea hatua mbili.

"Tazameni! Tazameni, jamani! Nje risasi, ndani maji! Imegeuka!" Sauti ya mzee ilipanda mpaka ikapasuka. "Askari wamempiga mnyama huyu, wamempiga kifua kizima, na risasi zimegeuka maji humo humo ndani, naye akatembea mpaka kwetu! Wallahi, nchi yote imeshakunywa dawa!"

Asiwacheke mtu. Majuma mawili tu yalikuwa yamepita tangu wajumbe wa maji walipopita Nyamwage wakitoka upande wa Ngarambe, wakawanyunyizia watu dawa na kuwaahidi kwamba bunduki ya Mdachi itatema maji. Karibu kila mtu alinyunyiziwa, na Biasha alikuwa miongoni mwao. Viboko saba vya shamba la pamba vilikuwa bado vinamwasha mgongoni, na maji yale yalipomgusa alihisi, kwa mara ya kwanza mwaka ule, kwamba ana mgongo wa mtu na si wa punda. Watu walikuwa wamengoja ishara. Hii hapa sasa, imepasuliwa mbele ya macho yao, mchana kweupe. Wanaume wakakumbatiana. Wanawake wakapiga vigelegele, na aliyepiga kuwashinda wote alikuwa Mwanajuma, kwa kuwa mwanawe Tamimu ndiye aliyemchoma nyati yule mkuki, na ndiye pia aliyekuwa aondoke kesho yake kwenda vitani. Alipiga vigelegele huku machozi yakimtoka. Mama aliyekuwa akihofia kumzika mwanawe alikuwa ameambiwa kwamba hatamzika.

Tamimu alinyanyuliwa juu. Alikuwa kijana mrefu, mpole, mchumba wa Mwantumu binti Biasha. Mposo ulikuwa umeshapokelewa na harusi ilingoja mpunga. Wenzake walipomrusha hewani alitabasamu kidogo, kisha akaomba ashushwe. Kila mtu alifikiri ni haya za kumwona mama mkwe.

Abdulkarimu hakupoteza wakati. Punje ngumu zitatungwa uzi, alisema, na kila mmoja wa wale saba wanaoondoka atavaa shada shingoni. Mapafu yatapitishwa motoni kidogo tu, yasiive, nguvu isije ikatoka, na alfajiri wale saba watayala kabla ya kushika njia. Tamimu ataanza. Kisha yule mzee aligeuka na kufanya jambo ambalo desturi ilimtaka afanye. Kwa wawindaji wa Nyamwage, ngozi ni ya aliyechoma, paja ni la fundi, na mapafu ni haki ya mpasuaji. Alikunja goti mbele ya Biasha na kukinga viganja vyote viwili.

"Shemeji, haki yako tunaiomba. Wape vijana."

Biasha alifuta mikono kwenye kaniki yake. "Ngoja nimalize ngozi kwanza," alisema.

Alichuna polepole. Hakuwahi kuchuna polepole vile. Ngozi ilipokuwa imebanduka yote alimwita binti yake, wakaishika kila mmoja upande wake, wakaiinua juu kati yao na jua kama watu wanaoanika shuka. Ngozi ya nyati ni nzito, na Mwantumu alitetemeka mikono. Jua lilipenya mahali pamoja tu, nyuma ya kwapa la kushoto, pale mkuki wa Tamimu ulipoingia.

"Shemeji," Biasha aliita nyuma ya ngozi. "Naona tundu la mkuki. La risasi silioni. Hata kovu silioni. Ziliingilia wapi hizo zote?"

Abdulkarimu aliizunguka ngozi, akaikagua kwa ndani na kwa nje, akaipapasa. Kisha uso wake ukakunjuka.

"Zilishakuwa maji, shemeji. Maji yanahitaji mlango?"

Wakashangilia upya. Biasha aliishusha ngozi. Jibu lilikuwa zuri, na uzuri wake ndio uliomvunja moyo, kwa sababu aliona kwamba hakuna swali atakalouliza ambalo halitapata jibu zuri kama lile. Waliokuwa mbele yake hawakuwa wajinga. Walikuwa watu waliochoka kuogopa.

Alimtazama Tamimu, naye Tamimu akatazama chini. Alimtazama Mwantumu, aliyekuwa bado amesimama pale ngozi ilipomwachia, mikono imejaa damu ya nyati, akimtazama mchumba wake. Hesabu ilikuwa fupi. Akinyamaza, watu saba watasimama wima mbele ya bunduki wakiwa wamevaa ugonjwa shingoni na kuutia tumboni. Akisema, atautaja ugonjwa wa nyumba yake mbele ya Mwanajuma na kijiji kizima, na binti yake hataolewa, si na Tamimu wala na mwingine. Kwa njia zote mbili mkwe anampoteza. Lakini kwa njia moja Tamimu anabaki hai.

Aliogopa, na aliona haya, na juu ya yote alimwonea uchungu Bashiru, aliyemshika mkono siku ya mwisho na kumwambia, "Nisitiri."

"Siitoi," alisema.

Abdulkarimu alidhani hakusikia vizuri. "Hutoi nini?"

"Haki yangu. Mapafu haya siyatoi. Nitayafukia." Aliyavuta karibu na miguu yake. "Nyati huyu hakupigwa risasi na mtu. Alikuwa na kifua."

"Kifua?"

"Kifua kikuu, shemeji. Kama cha binadamu."

"Nyati!" Mtu alicheka nyuma, kisha akaacha, maana hakuna aliyemfuata.

"Umejuaje weye?" Abdulkarimu aliuliza.

Na hapo Biasha alisema. Hakusema kwa ufasaha, kwa kuwa siri iliyokaa sana haitoki imenyooka. Alianza na mafuta ya jioni, akarudi nyuma kwenye kikohozi, akaruka mbele kwenye kitambaa chekundu. Alisema juu ya majivu aliyoweka kwenye kifuu ili Bashiru ateme humo. Alisema juu ya kata iliyotungikwa peke yake kwenye paa la chumba cha ndani. Alijishika shingo, nyuma ya sikio, akateremsha vidole hadi kwenye mtulinga kuwaonyesha punje zilikopita. "Zilikuwa hizi hizi. Zilipopasuka zilitoa ute huu huu. Mume wangu hakupigwa risasi na mtu yeyote, mnamjua, alikaa nanyi hapa mpaka alipokufa."

Mwanamke aliyekuwa amesimama karibu na Mwantumu alisogea pembeni. Mwingine akasogea. Mwanajuma hakusogea, lakini alikuwa ameshaukaza mtandio wake mdomoni.

Abdulkarimu alikuwa amesimama panga mkononi, lile la kugawia mafungu. Alionekana kama mtu aliyezeeka kati ya neno moja na jingine.

"Ulininyima kumwosha rafiki yangu," alisema.

"Nilikunyima."

"Nikasema ni mapenzi. Niliwaambia watu, hayo ni mapenzi."

"Yalikuwa mapenzi, shemeji. Na yalikuwa uongo. Yote mawili."

"Na sasa unataka nikuamini!" Alipandisha sauti, na panga likapanda kidogo pamoja nayo. "Unajua maneno haya yanaitwaje siku hizi? Huko vilimani watu wameuawa kwa maneno madogo kuliko haya. Unayapinga maji. Unataka tulime pamba mpaka tufe?"

"Sitaki!" Biasha hakujua kwamba ana sauti kubwa namna ile. "Mgongo wangu mie haujapona, Abdulkarimu. Kwenda nendeni. Nitawafungia chakula cha njiani kwa mikono yangu, na Mungu awape ushindi. Lakini nendeni mkijua kwamba risasi ni risasi. Anayejua hulala chini. Asiyejua husimama."

Nzi walikuwa wameshajaa juu ya nyama. Hatima ya mambo ilikuwa imening'inia mkononi mwa mzee mmoja aliyeudhika, na haijulikani ingeangukia wapi lau Tamimu hangefungua kinywa.

"Alikuwa akikohoa," alisema.

Mama yake aligeuka. "Nani?"

"Nyati." Tamimu alikuwa amekwajuka kama mgonjwa. "Niliwaambieni alinijia na pembe. Hakunijia. Nilimsikia asubuhi kule mabwawani, nikadhani ni mtu. Wenzake walikuwa wameshamwacha nyuma. Anatembea, anasimama, anakohoa, anatembea tena. Nilimfuata kwa kikohozi tu, sikuhitaji hata nyayo. Nilipomchoma hakugeuka." Alipangusa viganja kwenye nguo yake. "Niliona aibu kuwaambia. Mtu aende vitani kesho, na leo kamuua mgonjwa."

Abdulkarimu alilitazama lile panga kama vile alikuwa hajui limefikaje mkononi mwake. Aliliweka chini. Akaenda bwawani, akainama na kuosha mikono, akaosha mpaka viwiko, akaosha tena. Aliporudi sauti yake ilikuwa kavu.

"Chimbeni shimo," alisema. "Refu. Fisi asilifukue. Mfukie vyote."

"Na nyama?" aliuliza mtu, kwa sauti ya njaa.

"Vyote."

Kwa siku tatu baadaye Nyamwage ilichimba mizizi ya ming'oko porini na kula, na si kila aliyechimba alimtaja Biasha kwa wema.

Alilipa kama alivyojua kwamba atalipa. Wageni wachache waliokuja kwake walikuja na kata zao. Mwanajuma alimtuma mtu na maneno ya adabu, kwamba mposo usimame kwanza, hakuna ugomvi, usimame tu. Mwantumu alilia siku nzima, akampa mama yake mgongo siku ya pili, na siku ya tatu akamuuliza, "Baba alikuwa na uchungu?" Wakaketi uani, Biasha akamsimulia yote, na ikawa kwamba miaka ile mitatu wote wawili walikuwa wakimlilia mtu mmoja katika vyumba viwili. Kisha Biasha alipanda, akaishusha kata ya Bashiru kutoka kwenye paa, akaichoma moto uani mlango ukiwa wazi, aone anayetaka kuona. Alivuta pumzi, ikaingia yote. Hakuwa amejua kwamba kwa muda mrefu alikuwa akiivuta nusu.

Wa kuondoka waliondoka watano badala ya saba. Abdulkarimu, mmoja wao, aliwaongoza. Alipita kwa Biasha kuchukua chakula cha njiani, akasimama mlangoni bila kuingia.

"Nilikuwa na furaha asubuhi ile," alisema. "Siku nyingi sikuwa nimeipata. Ukaninyang'anya."

"Najua, shemeji."

"Haya."

"Lala chini," Biasha alimwambia. Alijitwika chakula, akashika njia.

Tamimu hakwenda. Lakini asidhani mtu kwamba alikaa akakunja mikono. Habari zilipokuja kwamba askari wanapanda na barabara wakichoma maghala, alisimama nje ya nyumba ya Biasha, ameangalia pembeni kama inavyompasa mtu mbele ya mkwe, hata mkwe aliyesimamishwa.

"Mama," alisema, "njia za Mbwera unazijua?"

Alizijua. Alizaliwa ndani yake. Watu thelathini na kitu walitembea naye hadi kivuko cha Ndundu, wakapata mitumbwi, wakateremka na mto wakiwa wamejaza mbegu ya mpunga katika yale makanda yaliyokosa nyama. Tamimu alishika pondo la kusukumia mtumbwi wa mbele. Biasha alikaa mbele yake akimwelekeza kwa mkono, mlango huu, si huo, subiri maji yajae, na vijito vikaingia katika vijito mpaka mikoko ikawafunika pande zote na mtu wa nchi kavu asingeweza tena kusema mto uko wapi. Ndugu zake wa Mbwera waliwapokea kwa samaki na maswali. Ramadhani iliwakuta huko, wote hai.

Kisiwa ni kidogo na watu hawana pa kukwepana. Mwanajuma alikuwa jirani wa Biasha sasa, mlango kwa mlango. Walisalimiana vizuri, walipeana moto, walisaidiana kutwanga. Lakini Mwanajuma alikuwa na kata yake, ameifunga kiunoni kwa kamba ya ukindu, na kila alipotembea iligonga kijiti cha kikapu chake, ko, ko, ko. Biasha alimjua kwa mlio ule kabla hajamwona. Hakumchukia. Yeye mwenyewe, kama angekuwa mama wa Tamimu, angefunga mbili. Lakini mlio ulimchoma, na ulimchoma zaidi alipomwona Mwantumu akiusikia.

Abdulkarimu alikuja mwezi wa Mfunguo Tatu, mvua za kwanza zimeshaanza. Aliletwa na mvuvi ndani ya mtumbwi, mkono wa kushoto umefungwa kifuani kwa nguo, vidole viwili havipo. Wale wanne aliokwenda nao, mmoja alikuwa naye ndani ya mtumbwi. Biasha aliteremka hadi kwenye tope kumpokea.

"Nililala chini, shemeji," alisema. Hakusalimia kwanza. "Kifudifudi, nimekula mchanga. Na huyu nikamvuta mguu akalala. Wengine wote walisimama. Walikuwa wanakuja wamesimama, vijana wa watu, wazuri." Akalia pale pale kwenye tope, mzee mzima, na Biasha alilia naye, kwa kuwa wengi wa wale waliosimama hawakuwa wamepata wa kuwaambia.

Jioni Abdulkarimu alipokwisha kula alimwita Biasha. "Bashiru hajasomewa hitima yake sawasawa," alisema. "Tulimsomea mtu wa homa. Kesho tumsomee yeye. Kwa jina lake na kwa maradhi yake, kila mtu asikie."

Basi kesho yake, baada ya sala ya adhuhuri, watu wa Nyamwage na wa Mbwera wakajaa katika kibanda cha Biasha na nje yake. Hapakuwa na wali wala nyama. Palikuwa na uji, na samaki wadogo, na mtungi wa maji uliofunikwa mlangoni, na kata moja juu yake, kwa kuwa nyumba ile haikuwa na mbili. Abdulkarimu alisoma kwa sauti ya kukwaruza. Alipofika kwenye dua alimtaja Bashiru, akataja kifua, bila kushusha sauti, kama anavyotaja mtu mto au mtaa. Nje mbegu ya Nyamwage ilikuwa imeshaota majani mawili mawili katika tope la Mbwera.

Watu walipoanza kunyanyuka, kila mmoja akitafuta kata yake kiunoni au kikapuni, Biasha aliketi kando ya mtungi akiwaangalia miguu. Hakutaka kuangalia nyuso. Ndiyo sababu hakujua Mwanajuma amefika mpaka alipoziona nyayo zake zimesimama mbele yake. Hakuwa amesikia kitu. Alingoja ule mlio, haukuja. Alipoinua macho aliona kamba ya ukindu kiunoni, haina kitu.

"Nipe maji," Mwanajuma alisema.

Mwantumu, aliyekuwa amebeba sinia mlangoni, alisimama kama alivyokuwa. Nje Tamimu aliacha kuzungumza na mvuvi.

Biasha alichukua kata, akaizamisha mtungini, akaitoa imejaa hadi ukingoni. Mkono wake, ule ambao kwa miaka kumi na tisa haukutetemeka ndani ya mnyama yeyote, ulimwaga nusu chini. Mwanajuma aliipokea kwa mikono miwili. Alikunywa polepole mpaka mwisho, akaipindua kata na kuikung'uta tone la mwisho kama watu wafanyavyo nyumbani kwao, kisha akamrudishia.

"Ongeza," alisema.